Ng'ombe kwa Mpangilio wa Kuzaliwa

Kianjokoma,
Alhamisi, 1 Februari 2024

Kwa Nelius, Maitu wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Chai imechipua, ng'ombe wanakula, na mimi mwenyewe niko imara isipokuwa masikio. Natumaini kile kikohozi cha Desemba kimekuacha na kwamba huko Majengo unakula chakula cha mtu mzima, si chai na mkate. Watu wa huko wakiuliza kwa nini mama anamwita bintiye "maitu", yaani mama, waambie umebeba jina la mama yangu, Ruguru, na kwetu jina si pambo. Wewe ni mama yangu, tutafanya nini.

Sikio la kushoto limefunga kabisa. La kulia limebaki na mlio kama wa jiko la mafuta. Daktari alimulika na taa akatingisha kichwa. Kwa hivyo simu usinipigie, naiona tu ikitetemeka mezani kama kuku aliyenyeshewa. Na zile meseji fupi sizitaki, hazina salamu. Mimi nilimaliza darasa la saba, na mwalimu alikuwa akizungusha daftari langu madarasa mengine waone mwandiko. Basi tuandikiane. Kithaka mwenye pikapu anapeleka avokado Meru kila Jumanne na Ijumaa. Nimempa barua hii na nduma sita. Zikifika tano, ujue moja imeliwa na Kithaka.

Beth, mke wa mwalimu Nyamu jirani yetu, anakusalimu. Huyo msichana Mungu ambariki. Kanisani anakaa kando yangu na daftari, mchungaji akihubiri yeye ananiandikia. Jumapili iliyopita aliandika: "Sasa anawasema wanaochelewa. Angalia mbele." Nikacheka, na kanisa zima likageuka.

Sasa sababu ya barua. Huyo mume wa Beth anafundisha kompyuta sekondari, na anatembea kama aliyeizaa kompyuta yenyewe. Juzi kwenye kituo cha majani chai aliuliza wewe unafanya nini hasa pale kliniki. Nikasema ni fundi wa kompyuta. Akasema, na Beth akaniandikia: "Hao hubonyeza picha tu." Niambie vizuri, kwa maneno ninayoweza kusema mbele ya watu. Sitaaibishwa na mtu niliyemwona akila udongo.

Mama yako mzazi

*

Majengo, Meru,
Ijumaa, 9 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu sana. Kikohozi kiliisha. Nduma zilifika zikiwa tano.

Pole kwa masikio. Mshukuru Beth kwa niaba yangu, na usimchokoze mwalimu.

Kliniki ya Dhahabo, mwajiri wangu, ni ndogo, vyumba vinne nyuma ya maduka ya nyama, hatua chache kutoka msikitini. Wanawake wanaipenda kwa sababu wakija hapa hakuna anayewajua. Wanatoka mbali, hata Embu. Rekodi zao zilikuwa kwenye mashine kuukuu iliyokuwa ikizimika yenyewe. Dhahabo akanunua nyingine, akaniambia, "Nelius, hii ni yako, ilinde kama macho." Nikaweka mfumo unaoitwa Unix. Kuuweka ni asubuhi moja. Ukimaliza kuuweka ndipo kazi inaanza.

Ni kama nyumba ambayo fundi amekukabidhi leo. Kuta ziko, paa liko, lakini milango yote iko wazi na saa ya ukutani inasema uwongo. Nimeanza na saa, ilikuwa nyuma kwa masaa matatu. Kisha kuna mwenye nyumba. Sisi mafundi tunamwita ruti. Ruti anaweza yote: kufuta, kubomoa, kusoma kila karatasi ya kila mtu. Fundi mzuri hashindi akiwa ruti. Nimejitengenezea mtumiaji wa kawaida, nikamwita ruguru, na ruti namwita nikimhitaji tu. Halafu nikapita mlango kwa mlango. Huu ni wa nini? Nani aliuomba? Nikafunga. Na kuna kitabu cha mlangoni. Kila anayeingia kinaandika saa na jina, na akikosea neno la siri kinaandika alikosea mara ngapi.

Mwambie mwalimu hakuna picha hata moja. Ni maandishi meupe juu ya weusi, na kila neno nimeliandika kwa mkono.

Nina swali dogo, na usiniulize ni la nini. Kati ya Sabina na Kairu, nani alizaliwa kwanza?

Mwanao Nelius

*

Kianjokoma,
Alhamisi, 15 Februari 2024

Maitu wangu,

Barua yako ilinikuta mzima, na ikaniacha mzima zaidi. Niliisoma mara tatu. Mara moja peke yangu, mara moja kwa Beth, na mara moja kwenye kituo tukingoja lori la kiwanda. Wanawake waliacha hata kuchambua majani. Ndambiri, yule anayepima uzito, aliuliza kama ruti anaweza kumfukuza karani wa kiwanda. Nikamwambia mtoto wangu akitaka anaweza.

Mwalimu Nyamu alinikabili na swali, Beth akaandika: "Muulize kama amemfungia ruti mlango wa mbali. Wanafunzi wangu wote husahau huo." Niliona anataka kukupata na kosa. Nijibu nimjibu.

Ng'ombe sasa. Wa kwanza ni Nyange, mama yao. Wa pili ni Kairu, alizaliwa mvua ya mwaka ule wa mtihani wako wa darasa la nane, umesahau vipi. Sabina unamdhania mkubwa kwa sababu ya mwili. Wa mwisho ni Mwenyekiti, anayetangulia wote kwenda mtoni kama aliyepigiwa kura. Jioni nasimama langoni nikiwaita kwa mpangilio huo huo, na kila mmoja anajua zamu yake.

Lakini hilo swali ni la nini? Umeniwekea mchanga kwenye kiatu. Unajua mimi siwezi kutembea nao.

Mama yako asiyelala

*

Majengo, Meru,
Ijumaa, 23 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumaini uko salama na umevua hicho kiatu. Mimi mzima, nimechoka tu.

Swali la mwalimu ni zuri kuliko anavyojua. Mlango wa mbali bado uko wazi kwa ruti, na najua si vizuri. Nahamisha rekodi za miaka tisa kutoka mashine ya zamani, na jioni nikiwa chumbani kwangu, mbali na mashine, naingia kwa mlango huo kuona kama kazi inaendelea. Rekodi zikiisha, nafunga. Nimeandika kwenye kalenda: Jumamosi 16 Machi, ruti asiingie kwa mbali. Hilo usimsomee mtu. Wasomee salamu.

Haya, ng'ombe. Majina hayo manne, kwa mpangilio huo, ndiyo neno la siri la ruti. Hapa Meru hakuna anayewajua ng'ombe wetu. Nakwambia kwa sababu mbili. Ya kwanza, utaniuliza mpaka Krismasi. Ya pili, nikigongwa na lori barabara ya Chuka, kuna mtu mmoja duniani anayepaswa kujua, na mimi sina mwingine ila wewe.

Ukimaliza kusoma, choma barua hii.

Na Mama, usikasirike. Tangu masikio yaanze kufunga, sauti yako imepanda. Krismasi ulidhani unaninong'oneza juu ya pilau ya shangazi, naye akaweka sahani chini. Ukitaka kusema siri, usiseme. Iandike.

Mwanao akupendaye,
Nelius

*

Kianjokoma,
Alhamisi, 7 Machi 2024

Maitu wangu,

Salamu kutoka kwangu na kutoka kwa wale wanne, ambao tangu nisome barua yako nawaona wakitembea kwa maringo. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia Nyange machoni. Nikamwambia, wewe kumbe una kazi Meru.

Barua imeshughulikiwa. Kuhusu sauti, umekuwa kama Beth. Naye juzi kwenye kituo aliniandikia hayo hayo katika daftari lake. Vijana mnapenda sana kuwanyamazisha wazazi. Mwalimu Nyamu alianza tena maneno yake, nikampa jibu moja tu. Alinyamaza mpaka lori likafika. Nilikunywa chai ya siku hiyo kwa utamu ambao sukari haiwezi kuleta.

Sasa sikiliza. Jumapili ya tarehe 17 ni ibada ya shukrani ya akina mama. Kila mama anasimama mbele na mtoto wake aliyefika mahali. Mwaka jana nilikaa kwenye benchi nikiwapigia makofi watoto wa watu. Mwaka huu watakaa wao. Nimekushonea gauni, na nimemwambia mpiga picha aje na kamera kubwa. Njoo Ijumaa tupike pamoja.

Najua umesema Jumamosi una mlango wa kufunga. Mlango haukimbii, Maitu. Ufunge Jumatatu.

Mama yako, anayekungoja na gauni

*

Majengo, Meru,
Jumanne, 12 Machi 2024

Mama,

Salamu. Nakuja. Nilitaka kukataa, lakini Dhahabo alisoma barua yako akichungulia begani kwangu, akasema mama haambiwi hapana.

Rekodi zote zimefika. Kilichobaki ni mstari mmoja: ruti, kwa mbali, hapana. Ni kazi ya dakika moja, ila siwezi kuifanya nikiwa nyumbani. Nikikosea nitajifungia nje mimi mwenyewe. Inataka nikae mbele ya mashine, na wiki hii yote kliniki imejaa mpaka mlangoni. Basi Jumatatu asubuhi.

Mwambie mpiga picha mimi sicheki ovyo.

Mwanao Nelius

*

Kianjokoma,
Ijumaa, 22 Machi 2024

Maitu,

Nakusalimu. Uvumilie mwandiko.

Beth amekufa. Ilikuwa Jumatano asubuhi, hospitalini.

Nitakueleza ninavyojua, na ninajua kidogo kuliko kila mtu hapa. Jumapili, baada ya kukusindikiza kwenye gari, nilirudi kukamua. Nilikuwa na furaha, nikawaita ng'ombe kwa sauti, nikaimba. Kati yangu na nyumba ya Beth ni ua wa michongoma tu. Nikamaliza, nikabeba maziwa, nikaona watu wakiingia kwao mbio. Nikadhani ni moto. Ndambiri alikuwa ng'ambo ya mto, akasikia mayowe ya Beth, akavuka na viatu. Watoto wa majirani walisikia. Anayepika chapati barabarani alisikia. Maitu, mimi nilikuwa upande wa pili wa michongoma nikiimba.

Wanasema Nyamu alirudi kutoka mjini Embu na karatasi mkononi. Akawaonyesha ndugu za Beth waliokuwa wamekuja kwa ibada, akawaambia miaka sita wamekuwa wakimwombea mtoto, na kumbe kila miezi mitatu akienda Meru kuchukua nguo za mitumba anapita mahali kudungwa sindano ya kutozaa. Wakaondoka kwa aibu. Akabaki naye. Sasa haonekani, polisi wanamtafuta.

Hiyo karatasi ilitoka wapi? Wewe ulijua Beth anakuja kwenu?

Picha za Jumapili zimetoka. Umependeza. Kuna moja mnasalimiana na mwalimu, mimi ndiye niliyewasogeza pamoja. Niliitundika ukutani, nikaitoa, nikairudisha. Jana askari mmoja aliiomba, nikampa.

Sasa sina mtu wa kuniandikia mahubiri.

Mama yako

*

Majengo, Meru,
Jumanne, 26 Machi 2024

Mama,

Nakuombea nguvu. Mimi niko, siwezi kusema zaidi.

Ndiyo, nilijua. Kila miezi mitatu alipita dirishani kwangu na furushi la nguo za soko la Gakoromone kichwani. Hakuwa ananisalimu, nami sikuwa namsalimu. Tukikutana nyumbani tulikumbatiana kama watu walioachana mwaka mzima. Hatukuwahi kulizungumza. Sikukwambia hata wewe, kwa sababu haikuwa yangu kukwambia.

Nimefungua kitabu cha mlangoni. Jumapili tarehe 17, saa nane na dakika arobaini mchana, ruti aliingia kwa mlango wa mbali. Neno la siri, sahihi. Makosa, hakuna. Alikaa dakika kumi na moja. Alifungua karatasi moja akaichukua. Akatoka.

Saa nane na dakika arobaini nilikuwa uwanjani kwa kanisa na shada shingoni, na wewe umenishika mkono. Mwalimu alikuwa amenipa mkono tukapigwa picha. Akaniuliza akitabasamu, "Ule mlango umeshaufunga?" Nikamjibu, "Kesho." Akaondoka kabla ya chakula. Nilidhani ni wivu.

Hilo "kesho" ni langu, Mama. Nitalibeba mpaka kaburini. Lakini mtu hakisii ng'ombe wanne kwa mpangilio wao mara ya kwanza. Alipewa. Maafisa wa polisi wanauliza ni nani aliyelijua neno hilo. Kabla sijawajibu nataka unijibu wewe, neno moja tu. Ulimwambia mtu?

Nelius, mwanao

*

Kianjokoma,
Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Maitu wangu,

Salamu za Pasaka, ijapokuwa hakuna Pasaka.

Hapana.

Ng'ombe nilikuwa nikiwaita kila siku, labda alijikisia mwenyewe, ni mwalimu. Usijiumize na maswali. Kula.

Mama yako

*

Majengo, Meru,
Jumanne, 9 Aprili 2024

Mama,

Nimepokea jibu lako.

Nimeandika kwenye taarifa yangu kwamba neno la siri lilikuwa kwangu peke yangu. Kwa hivyo ni mimi niliyempa, hakuna njia nyingine. Tunatoka kijiji kimoja, na wana picha tukishikana mikono siku hiyo hiyo. Nitafikishwa mahakamani hapa Meru tarehe 25. Dhahabo hakunitukana. Aliniletea maji ya kunywa, akangoja nimalize, akachukua kikombe na funguo.

Ule mlango niliufunga Jumatatu ile ile. Ilichukua dakika moja.

Usije.

Nelius

*

Kianjokoma,
Jumanne, 23 Aprili 2024

Kwa Nelius,

Nakusalimu, na sitauliza kama u mzima. Nimekuandikia barua mbili ambazo Kithaka amerudi nazo. Anasema ulifungua mlango, ukaona mwandiko, ukafunga. Hii nimemwambia aisukume chini ya mlango aondoke. Isome au usiisome, lakini maneno haya yameshasomwa na watu wengine.

Nilikudanganya. Barua ya ng'ombe sikuichoma. Barua ya mtoto wangu naichomaje? Niliiweka kwenye Biblia, na siku ya Jumanne tarehe 5 Machi nikaenda nayo kwenye kituo cha chai.

Foleni ilikuwa ndefu. Nyamu alikuja kumchukua Beth, akanikuta. Maneno yake ninayo, kwa kuwa Beth aliniandikia yote, kama alivyoniandikia mahubiri. Niliyanakili kabla sijalitoa daftari lake. "Mama Nelius, muulize binti yako neno la siri ni moja mbili tatu nne?" Wanawake walicheka. Niliwaona wakicheka. Nikasema mtoto wangu si mjinga kama wanafunzi wako. Akasema: "Basi ni jina la kijana wake wa Majengo." Wakacheka tena, hata Ndambiri alishika mizani kwa kicheko.

Nelius, nilikuwa nimebeba barua yako kifuani. Miaka yote hii nimekulea peke yangu, na huyu aliyekula udongo ananifanya mchezo. Nikamvuta Beth karibu. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikamnong'oneza yeye peke yake. Nikamwambia ni ng'ombe wetu wanne, kwa jinsi ninavyowaita langoni. Kwamba ruti bado anaweza kuingia kwa mbali mpaka tarehe 16. Kwamba siri za wanawake wote wa Meru na Embu, hata za hapa kwetu, zimefungwa kwa ng'ombe wa mama yako. Nilinong'ona. Naapa kwa Mungu nilidhani ninanong'ona.

Niliinua kichwa nikaona hakuna anayecheka. Nyamu hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anamwangalia Beth. Nikafikiri nimeshinda.

Beth alichukua kalamu. Aliandika hivi, na nimeyanakili kama yalivyo: "Mama shusha sauti. Kituo chote kimesikia. Tafadhali usitaje Meru tena mbele yake. Nakuomba." Nilisoma nikafunga daftari. Nilidhani anamwonea mumewe huruma kwa vile nimemshinda.

Kwa hivyo uliponiuliza, sikuwa nimesahau. Daftari la Beth, ambalo lilibaki kwangu, lilikuwa mezani nikikuandikia "hapana". Nililigeuza jalada chini.

Jumatatu ya wiki jana nilikwenda kituoni kwa polisi. Askari aliniuliza mambo na mimi sisikii. Akaandika swali kwenye karatasi: "Umekuja kushtaki nani?" Nikamwomba kalamu. Niliandika kurasa nne bila kufuta, kwa mwandiko ule ule niliokuwa nikijisifu nao. Nikampa barua yako na daftari la Beth. Akaandika: "Waliosikia ni nani?" Nikamwandikia majina kumi na saba. Akasoma, akaniangalia, akaandika: "Unaelewa kwamba hii inakugeukia wewe?" Nikaandika naelewa.

Kisha nilirudi kwenye kituo cha chai siku ya kuchuma. Nilisimama juu ya sanduku la mizani ili wanione, nikawaambia ni mimi niliyempa Nyamu neno, na kila mmoja wao alisikia, na mtoto wangu yuko Meru anabeba kosa langu. Ndambiri alipima majani yangu mwisho kabisa. Mama yake Beth alikuwa kwenye foleni. Alinijia, nikafikiri atanipiga, nikaweka kapu chini nikamngoja. Akachukua kapu lake akapita.

Kanisani nakaa peke yangu kwenye benchi. Namwangalia mchungaji akifungua na kufunga mdomo.

Keshokutwa nitakuwa mahakamani Meru. Ulisema nisije. Nakuja. Kurasa zangu nne zimepelekwa huko, na wamesema watanipa mtu wa kuniandikia maswali. Sijui watanifanya nini na sitakuuliza unitetee. Wewe waambie ukweli wako wa "kesho", mimi nitawaambia wangu. Ukiniona kwenye ukumbi, si lazima uje niliko. Nitavaa sweta ya kijani ili ujue nilipo, ujue upande wa kutoangalia.

Nyange na wenzake nimewaacha kwa Ndambiri. Amekubali bila kuniangalia. Nimemwambia kitu kimoja tu, kwamba sasa hawaitwi. Tangu mwezi wa tatu siwaiti. Jioni nasimama langoni wananitazama, wanangoja zamu yao, na Mwenyekiti haji mpaka asikie jina. Basi nashuka mpaka malishoni na kamba, nawapapasa mmoja mmoja, nawaleta bila neno. Inachukua mpaka giza.

Kithaka amefika. Naona mkono wake uko kwenye honi.

Mama yako